Siku Arobaini za Kitabu Kisichoshikika

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa uoga, ila kulitaja kunahitaji kibali, na kibali changu kimekwisha muda wake. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina mlima mmoja, ziwa moja na wizara arobaini na sita, na serikali yake humwamini kila raia mpaka hapo atakapoonekana amekaa peke yake na simu.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Mtu akisoma kitabu, jalada lilionekana, na askari aliyesimama ng'ambo ya barabara aliweza kuandika jina la kitabu na jina la msomaji bila kumsumbua mtu. Kisha vikaja vitabu pepe, ambavyo wananchi waliviita softi kopi. Sasa mwanamume mzima anakaa kwa kinyozi akingoja zamu yake, anatazama simu, anatabasamu. Anatabasamia nini? Hakuna ajuaye. Huenda ni hadithi ya sungura. Huenda si ya sungura.

Wizara ya Maandishi na Utulivu ilikosa raha kwa mwezi mzima, halafu ikatoa Mwongozo wa Kusoma, Kugawana na Kuchapisha Vitabu Pepe. Mwongozo huo ulikuwa na kurasa mia mbili na kumi, na ulichapwa kwenye karatasi, kwa ajili ya usalama.

Ushauri wake kwa wasomaji ulikuwa wa upole kabisa. Msomaji akae ameelekea mlango. Mwanga wa simu uwe mkali kiasi cha mtu aliye hatua tatu nyuma yake kuweza kufuatilia. Akicheka, aeleze papo hapo kilichomchekesha. Na asifungue ukurasa wa kwanza kabla hajafika balozi wa nyumba kumi, ambaye atasaini mwanzo wa kusoma na mwisho wa kusoma.

Balozi wa mtaa wa Bi Zamda alikuwa fundi viatu mmoja aitwaye Shomari, mtu wa watu, ambaye kabla ya Mwongozo hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko bango la msiba. Sasa alizunguka nyumba kumi kutwa nzima, kalamu sikioni, akisikiliza robo ya riwaya hapa na nusu ya riwaya pale. Alijua katikati ya riwaya tisa na hakujua mwisho wa hata moja. Mara nyingine alisimamisha watu njiani kuwauliza, kwa sauti ya chini, kama yule binti aliolewa na daktari au na yule mwingine. Walioulizwa walidhani ni mtego, wakamwambia hawajui.

*

Bi Zamda Kilua alikuwa mkunga mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne alipokea watoto katika wodi ya wazazi, na alipostaafu aliandika kitabu. Alikiandika kwenye simu, kwa kidole gumba, akikaa jikoni kwake. Kiliitwa Mtoto wa Wiki Moja, kilikuwa na kurasa arobaini, na hakikuwa na siasa hata chembe. Kilieleza jinsi ya kumnyonyesha mtoto mchanga, jinsi ya kutunza kitovu, na dalili zipi zikionekana mzazi asibaki nyumbani.

Aliandika kwa ajili ya wazazi wote, hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Ukweli ni kwamba aliandika kwa ajili ya mwanawe Mashavu.

Mashavu alikuwa ameolewa Mwishonguzo, mahali panapoitwa hivyo kwa sababu ndipo nguzo za umeme zinapoishia. Alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa machimboni, barabara ilikuwa imekatika tangu mvua za masika, na zahanati ya karibu ilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu. Alikaa na mama mkwe wake, mwanamke mwema aliyeshika desturi moja kwa mikono miwili: mtoto hatolewi nje kabla kitovu hakijadondoka, hata nyumba ikishika moto.

"Mimi nikimwambia, mama, anasema hayo ni maneno yangu ya mjini," Mashavu alimweleza mama yake kwenye simu siku moja ya Ijumaa, siku ambayo hupiga. "Lakini kilichoandikwa anakiheshimu sana, kwa kuwa yeye hakusoma. Cheti cha ndoa amekitundika ukutani. Mama, ukiniandikia, nikamsomea, atanyamaza. Namjua mimi."

"Unamjua yeye au unanijua mimi?"

"Nawajua wote wawili," Mashavu akacheka.

Bi Zamda angeweza kumwandikia meseji. Lakini kwa mujibu wa Mwongozo, maandishi yoyote yanayozidi meseji mbili ni kitabu, na kitabu kisicho na kibali ni kosa kwa aliyetuma, aliyepokea, na aliyewaona akanyamaza. Basi akavaa gauni lake la sikukuu, akajitanda khanga mpya, akaenda Wizarani kwa moyo mweupe.

*

Alipokewa na Bwana Zefania Kulangwa, Mkaguzi Kiongozi wa Vitabu Visivyoshikika, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye tai mbili, moja shingoni na moja ya akiba mfukoni. Alimtazama Bi Zamda kwa muda, akaomba kitambulisho chake, akasoma tarehe ya kuzaliwa, akailinganisha na uso. Alipojiridhisha kwamba mama huyo kweli anamzidi umri, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakala tatu za kitabu ziko wapi?"

"Kimo humu," Bi Zamda akaonyesha simu.

"Nakala tatu, bi mkubwa, ndani ya bahasha ya kaki."

Ikabidi Bi Zamda aazime simu mbili kwa watu waliokuwa foleni, akaweka kitabu katika kila moja, simu zote tatu zikatiwa ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ikapigwa mhuri. Mmoja wa walioazimwa alipigiwa simu na mkewe akiwa bado hapo foleni. Bahasha ilitetemeka juu ya meza, na Mkaguzi akaandika katika faili kwamba kitabu kina dalili za uhai.

Kisha ulikuja mzani. Wizara ilikuwa nao, ule wa kupimia dhahabu, wenye kioo pembeni kuzuia upepo. Bwana Kulangwa alifungua bahasha, akaweka juu ya mzani simu ya Bi Zamda ikiwa na kitabu ndani. Akasoma uzito. Akamwamuru akitoe. Akapima tena.

"Ni uzito uleule," akasema polepole.

"Ndiyo, mwanangu. Hakina uzito."

"Kurasa arobaini, bi mkubwa. Kurasa arobaini zenye maneno, zimeingia na kutoka, na mzani wa dhahabu haukutikisika?" Alifunga mlango wa ofisi, akashusha sauti. "Mimi nimekagua mizigo ya kila aina mpakani kabla sijaletwa hapa. Mzigo usio na uzito ni mzigo uliofichwa. Kimefichwa wapi?"

Bi Zamda alijibu kwamba hajui chochote kilichofichwa. Jibu hilo nalo likaandikwa, kitabu kikarudishwa kutoka simu za kuazima, nazo zikafutwa kabla ya kurudishiwa wenyewe.

Baada ya hapo wakaingia kwenye maneno yenyewe, na hapo ndipo Bi Zamda alipoanza kuwaza labda kweli ameandika kitu kibaya bila kujijua. Bwana Kulangwa alisoma na kalamu nyekundu mkononi, akiacha alama juu ya kioo cha simu, na kila baada ya mistari miwili aliguna.

"'Mtoto akilia, jua ana sababu.'" Aliinua macho. "Hii inamlenga nani?"

"Inamlenga mzazi."

"Inasema anayelia ana sababu. Wapo watu wazima katika nchi hii wanalia, bi mkubwa. Wanalia vijiweni, wanalia redioni. Unawaambia wasomaji kwamba wana sababu?"

"Nimesema mtoto mchanga."

"Kila mtu alikuwa mtoto mchanga." Akaandika pembeni: *Mtoto akilia, huenda hana sababu.* Akaendelea. "'Mtoto wa wiki moja akipata joto, usingoje. Endelea kumnyonyesha, mpeleke zahanati saa hiyohiyo.' Usingoje! Serikali imewaomba wananchi wangojee barabara, wangojee maji, wangojee mishahara, na wananchi, kwa busara zao, wanangoja. Wewe unakuja na 'usingoje'."

"Joto la mtoto mchanga halingojewi, mwanangu," Bi Zamda akasema, na hapo sauti yake ilikuwa ile ya wodini, iliyowahi kuwatoa nje wakurugenzi. "Ukingoja unazika. Neno hilo silitoi."

Bwana Kulangwa alimtazama kwa mashaka. Kisha, kwa mara ya kwanza, akasoma ukurasa mzima bila kuguna. Akafungua ukurasa uliofuata. Akauliza, kana kwamba ni jambo la kikazi, mwanamke mwenye mimba ya miezi minne anapaswa kula nini, hasa kama hapendi harufu ya samaki. Bi Zamda akamweleza. Mkaguzi akaandika majibu hayo, si katika faili, bali katika kijitabu chake cha mfukoni. Mwishowe akasema neno "usingoje" linaweza kubaki kwa muda, likiwa chini ya uangalizi.

*

Yalibaki mambo ya kugawana.

"Nitumie kitabu kwenye simu ya ofisi," akasema Mkaguzi. Bi Zamda akatuma. Simu ya ofisi ikalia, kitabu kikawa kimefika. "Sasa nionyeshe simu yako." Akaionyesha. Kitabu kilikuwemo vilevile, kurasa zote arobaini.

Bwana Kulangwa aliinuka kwenye kiti.

"Umetoa, na bado unacho."

"Ndivyo vilivyo."

"Bi mkubwa, mimi nikikupa sahani yangu ya pilau, kwangu kunabaki sahani ya pilau?"

"Hakubaki."

"Basi ama hukunipa, ama ulikuwa nazo mbili ukanidanganya." Alikuwa na jasho usoni. Aliita wakaguzi wengine watatu, wakaja wakashuhudia, mmoja akarudi nyuma mpaka mlangoni. Jambo hilo lilifikishwa kwa Katibu, Katibu akalifikisha kwa Waziri, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umetolewa waraka. Kuanzia siku hiyo, kila atakayegawa kitabu pepe atajaza Hati ya Kuachia, na mbele ya shahidi atafuta kitabu kwenye simu yake kwanza, ndipo akitume.

"Nikishakifuta, mwanangu, nitatuma nini?" Bi Zamda akauliza.

"Hilo ni swali la kitaalamu," akasema Bwana Kulangwa. "Kamati italijibu."

Sharti la mwisho lilikuwa kipindi cha kutazamwa. Kwa siku arobaini kitabu kitabaki kwenye simu ya mwandishi, naye hatampa mtu yeyote, hata kipande. Ili kumsaidia asiteleze, Wizara ingetumia wapimaji wake, watu wenye vipaji vya sauti, wampigie na kumwomba kitabu. Jibu lilikuwa moja tu, limechapwa kwenye kikaratasi cha kubandika ukutani: *Sina kitabu, sijui kitabu, na ningekijua ningetoa taarifa.* Atakayejibu hivyo kila mara apewe kibali na cheti. Atakayelegea, simu yake itachomwa moto pamoja na vyote vilivyomo.

Bi Zamda alihesabu siku kwa vidole. Mashavu alikuwa amebakiza wiki saba. Zinatosha, akajisemea. Akaweka kidole gumba kwenye wino, akarudi nyumbani.

*

Siku ya kumi alipiga mwanafunzi mwenye adabu nyingi, anafanya utafiti, anaomba kurasa mbili tu. Bi Zamda akasoma kikaratasi ukutani, neno kwa neno. Haikupita nusu saa, Balozi Shomari akatokea uani anatabasamu. "Umejibu vizuri, Mama Mashavu," akasema. "Wamefurahi." Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kitabu chake kina mwisho, na kama mwisho wenyewe ni mzuri.

Watu wa mtaa wakaanza kumtazama kwa jicho lingine, naye akaanza kuwatazama vilevile. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliulizwa ya nini. Shoga yake wa miaka ishirini alipomwuliza, "Kile kitabu chako vipi?", Bi Zamda alimkazia macho, akamjibu hana kitabu, hajui kitabu. Shoga akaenda zake na hakurudi tena. Usiku Bi Zamda alijilaumu, asubuhi akajisifu.

Kilichomtia hofu zaidi ni yaliyompata Mwalimu Pandu, wa nyumba ya saba, aliyekuwa ameandika kitabu pepe cha hesabu za kugawanya. Siku ya thelathini na tisa, imebaki moja tu, alipigiwa na sauti ya kitoto iliyomwita babu na kumwambia kesho ana mtihani. Mwalimu hakuwa na mjukuu. Alituma ukurasa mmoja. Wakaja na kopo la mafuta ya taa, wakaichoma simu yake uani, na zikaungua namba za ukoo mzima. Sasa ndugu zake wakifa anasikia kwa watu.

Hicho ndicho Bi Zamda alichokiogopa. Si kukosa cheti. Simu ile ikichomwa, Mwishonguzo hakufikiki tena, si kwa kitabu wala kwa salamu.

Siku ya thelathini na sita ilikuwa Ijumaa, na Mashavu akapiga kwa namba yake.

"Mama, nimejifungua. Juzi. Msichana."

Bi Zamda alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Alilia, akacheka, akauliza maswali kumi kwa pamoja. Mtoto amewahi wiki mbili na zaidi, lakini ananyonya, analia vizuri, ana nywele nyingi.

"Kile kitabu, mama?"

"Siku nne tu, mwanangu. Siku nne nakutumia chote, kwa halali, hakuna wa kutugusa. Akipata joto lolote usingoje, sikia?"

"Mimi nimesikia. Mama mkwe ndiye anayetaka maandishi."

"Siku nne," akarudia Bi Zamda.

Kesho yake, siku ya thelathini na saba, ilipiga namba ngeni. Mwanamke analia, anasema yeye ni mzazi, mtoto wake anaungua, anaomba kitabu kwa jina la Mungu. Nyuma yake kilisikika kilio cha mtoto. Lakini Bi Zamda alikuwa ameshika watoto maelfu kwa mikono yake, na aligundua kwamba kilio kile kilikuwa kinajirudia: kilipanda, kikakatika, kikaanza tena palepale. Mtoto halii hivyo. Akasoma kikaratasi. Muda si muda Balozi akatokea na tabasamu lake. "Mama Mashavu, wewe ni chuma! Wamesema hawajawahi kuona."

Bi Zamda aliona fahari. Aibu ilikuja baadaye kidogo, akaifukuza.

*

Siku ya thelathini na tisa, asubuhi, alikuwa anachambua mchele. Simu ikalia. Namba ngeni.

Mtandao ulikuwa mbaya. Sauti ilikuja vipande vipande, inazama na kuibuka. "Mama... mimi... kitabu, mama, nitumie sasa hivi... ana joto tangu jana..."

"Nani anaongea?"

"Mimi Mashavu!"

Bi Zamda aliuweka ungo chini. Walijua mpaka jina la mwanawe, na kwa nini wasijue, wakati Balozi humwita kwa jina hilo mchana kutwa? Leo ni thelathini na tisa. Siku ya Mwalimu Pandu.

"Kwa nini hukupiga kwa namba yako?"

"Imezima... chaji... nimekuja dukani, huyu kaka kaniazima..."

Ndivyo walivyokuwa wamemfanyia Pandu, sauti inayojifanya damu ya mtu. Alisikiliza kilio nyuma ya sauti. Kilikuwepo, chembamba, cha mbali. Akangoja kirudie ili akikamate. Kilio hakikurudia. Kilinyamaza tu, na yeye akasema moyoni, wamejifunza, wameboresha.

"Mama mkwe amekataa nisimtoe... bado kitovu... nimemtoroka na mtoto kuja hapa kukupigia... peke yangu zahanati sifiki. Mama, ukurasa ule tu, nikamsomee..."

Bi Zamda akapiga hesabu. Akifungua mkono leo, kesho hakuna simu. Kesho huyu mtoto halisi wa Mwishonguzo atakosa kitabu kwa sababu bibi yake alidanganywa na sauti ya Wizara, zimebaki saa chache. Akageuka ukutani, akasoma.

"Sina kitabu, sijui kitabu, na ningekijua ningetoa taarifa."

Kisha sauti ile, safari hii wazi kabisa, ikasema, "Mama?" Bi Zamda akakata.

Alipiga namba ya Mashavu papo hapo, haikupatikana. Akaandaa kikombe cha chai kwa ajili ya Balozi, akakaa uani kumngoja aje na tabasamu. Nusu saa ikapita. Saa nzima. Balozi hakuja. Labda yuko msibani, akawaza. Labda leo wamemtuma mtu mwingine anichunguze kwa mbali. Chai ikapoa, akaimwaga.

*

Siku ya arobaini, saa nne asubuhi, Wizara ilifika na viti vya plastiki, turubai, matarumbeta na mpiga picha. Mtaa mzima ulihudhuria, kwa kuwa kutohudhuria kungeandikwa. Bwana Kulangwa alivaa tai zote mbili. Alitangaza kwamba kitabu cha Mtoto wa Wiki Moja ndicho kitabu pepe cha kwanza katika historia ya nchi kupita ukaguzi wote, na kwamba yeye mwenyewe ni shahidi wa ubora wake, kwa sababu nakala iliyobaki kwenye simu ya ofisi imekaguliwa nyumbani kwake na mke wake mara tatu.

"Na mwandishi wetu," akaendelea, akifungua faili, "ni mfano wa kuigwa. Siku ya kumi alipigiwa na mpimaji aliyejifanya mwanafunzi. Akakataa!" Matarumbeta. "Siku ya thelathini na saba alipigiwa na mpimaji aliyejifanya mzazi, mpimaji wetu bora, mwenye vifaa. Akakataa!" Matarumbeta tena, na Balozi akapiga vigelegele ambavyo kwa kawaida ni kazi ya wanawake. "Mara mbili tumemjaribu, mara mbili ameshinda. Naomba aje apokee cheti."

Bi Zamda hakuinuka.

"Na jana?" akauliza.

"Jana nini, bi mkubwa?"

"Jana asubuhi mlinipigia."

Bwana Kulangwa alipekua faili, mbele na nyuma. "Jana hatukufanya kazi," akasema. "Wizara nzima tulikuwa kwenye semina ya kujenga kuaminiana."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani uliopangwa. Bi Zamda alikwishaingia jikoni. Alibonyeza mara tatu ndipo ile namba ngeni ikaita. Akapokea mwanamume.

"Duka la Lugendo hapa."

"Mwanangu, jana kuna dada alikuja na mtoto mchanga, akaazima simu yako."

"Ndiyo, mama. Mke wa yule wa machimboni."

"Yuko wapi?"

"Alikaa hapo kwenye benchi baada ya kupiga. Nikamwambia, piga tena dada, usijali vocha. Akasema hapana, amekosea namba. Alisema mama yake hawezi kumjibu mtu vile."

Bi Zamda alishika ukingo wa meza. "Halafu?"

"Halafu akarudi kwa mkwewe. Atamtoa mtoto nje kitovu kikidondoka, ndivyo alivyosema."

"Mtoto alikuwa analia?"

Lugendo akafikiri. "Alipokuja ndiyo, mama. Alipoondoka alikuwa kimya. Nikajua amelala."

"Funga duka," akasema Bi Zamda. "Funga sasa hivi, ukimbie, mwambie mama yake ndiye aliyesema, mbebeni mtoto mwende zahanati, msingoje kitovu wala nini. Kimbia, baba, nakuomba. Usikate simu, kimbia nayo."

Alisikia mlango wa bati ukifungwa upande wa pili, kisha hatua, kisha pumzi za mtu anayekimbia. Akasimama jikoni, simu sikioni, anazihesabu. Nje, Balozi Shomari aliita kwamba kibali tayari kimesainiwa, mpiga picha anasubiri, na mwandishi sasa ana ruhusa ya kumtumia kitabu yeyote ampendaye.